Tusimvike mtoto wetu kofia ya kuazima

LIKIZO ya Agosti inapowadia, wazazi wengi hushika tama. Mtoto wa miaka sita au saba, aliyekuwa akiamshwa alfajiri na kurejea magharibi, sasa yumo nyumbani kutwa kucha, na asipopewa la kufanya hujitafutia mwenyewe, aghalabu juu ya mwembe wa jirani au mbele ya runinga. Wako wanaotamani kumrudisha darasani kwa mlango wa nyuma, ilhali Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu chake cha 37, imekataza waziwazi masomo ya ziada wakati wa likizo.

Mimi nilishika chaki kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu. Tangu hapo nimekuwa na ada ya kuwakusanya watoto wadogo wa mtaa wetu hapa Malindi chini ya mkwaju, si kwa hesabu wala sarufi, bali tuchore, tukate, tushone na tufinyange. Leo nataka kuwasimulia walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi wanaojiandaa kuingia katika kazi hii, kosa nililolitenda chini ya mkwaju huo. Nalisimulia kwa sababu naamini kwamba si langu peke yangu.

Likizo hiyo niliamua kwamba kazi zetu zote za sanaa ziwe juu ya wavumbuzi. Nilijiona nimepata mada ya maana. Ni nani asiyependa habari za bahari, merikebu na nchi za mbali? Nikanunua karatasi za manila, nikawakatia watoto kofia pana. Nikakusanya mabomba ya karatasi za msalani, tukayaunganisha mawili mawili yakawa darubini. Kisha nikatoa nakala za picha ya merikebu yenye msalaba kwenye tanga lake, nikawapa kalamu za rangi, nikawaambia wapake pasipo kuvuka mstari. Kwa siku mbili mkwaju ulijaa furaha, nami nikajipongeza.

Siku ya tatu niliwapa karatasi tupu. Nikawaambia, "Nichorieni mvumbuzi anapofika Malindi." Walikuwa watoto kumi na wanne. Wote kumi na wanne walinichorea mwanamume mwenye ndevu na kofia, akiteremka pwani isiyokuwa na mtu. Hakukuwa na nyumba, hakukuwa na msikiti, hakukuwa na soko wala ngalawa. Ni picha moja tu iliyokuwa na mtu wa pili. Mtoto wa mvuvi mmoja alikuwa amechora kijitu kidogo nyuma ya yule bwana, kimebeba sanduku kichwani.

"Huyu ni nani, mwanangu?" nikamwuliza.

"Ni mimi, Mwalimu. Ninambebea mzigo."

Aliyasema hayo bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaja rangi ya shati lake. Nilirudi nyumbani jioni hiyo nikiwa sina raha. Nilikuwa nimemvika mtoto kofia ya mvumbuzi kwa siku mbili nzima, na bado yeye mwenyewe alijiona chini ya sanduku. Wenzake kumi na watatu hawakujiona kabisa.

Hebu tujiulize, kosa lilikuwa wapi? Kwanza lilikuwa katika neno lenyewe. Kuvumbua ni kufichua kilichofichika. Je, mlima ambao watu wameutazama kila asubuhi kwa karne nyingi, wakaupa jina na kuuelekea katika sala zao, umefichika kwa nani? Tulisomeshwa kwamba Johannes Rebmann aliuvumbua Kilimanjaro mwaka 1848, na mwenzake Johann Ludwig Krapf akauvumbua Mlima Kenya mwaka 1849. Ukweli ni kwamba Krapf alielezwa habari za mlima huo na Kivoi, mkubwa wa Wakamba wa Kitui, ambaye misafara yake ya biashara ilizijua njia hizo zamani. Krapf aliuona, akaandika, na maandishi yake yakasomwa Ulaya. Hilo ni jambo kubwa, wala simnyimi haki yake. Lakini kuona baada ya kuonyeshwa kuna jina lake, nalo si kuvumbua.

Pili, kosa lilikuwa katika pwani ile tupu. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, hakufika jangwani. Alikuta mji wenye mfalme, wafanyabiashara na vyombo kutoka India bandarini. Kabla yake, mnamo 1331, msafiri Ibn Battuta wa Tangier alikuwa amepita Mombasa, akaandika juu ya ndizi na samaki waliokuwa chakula cha wenyeji, na misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Na miaka zaidi ya themanini kabla ya Mreno huyo, mwaka 1415, wajumbe wa Malindi walifika katika baraza la mfalme wa China wakiwa na zawadi ya twiga. Tafakari, msomaji: watu wa mji huu walivusha mnyama huyo mrefu bahari nzima, ilhali watoto wa mji uo huo wananichorea pwani isiyo na mtu!

Kuna zaidi ya hayo. Da Gama hakuijua njia ya kwenda India. Alipewa rubani hapa Malindi, akang'oa nanga mwishoni mwa Aprili, majira ambayo upepo wa kusi umeanza kushika, naye akafika karibu na Calicut chini ya mwezi mmoja baadaye. Wanahistoria bado wanabishana rubani huyo alikuwa nani, na wengi sasa wanatilia shaka ile hadithi ya kale kwamba alikuwa bingwa Ahmad ibn Majid. Lakini kwamba alikuwako rubani, na kwamba alipatikana hapa, hakuna anayelikana. Wakati wa kurejea, Wareno hawakungoja kaskazi ishike. Bahari ile ile waliyoivuka kwa majuma matatu na ushei, sasa iliwachukua karibu miezi mitatu, na mabaharia wengi wakafa kwa ugonjwa unaoletwa na ukosefu wa matunda na mboga. Somo la upepo, somo la siha na somo la unyenyekevu, yote yamo katika safari hiyo moja. Mimi nilikuwa nimeyaacha yote nikashika kofia.

Nilianza upya. Kofia na darubini za karatasi niliwaachia watoto wachezee, kwa maana mchezo si dhambi, lakini picha za kupaka rangi niliziweka kando. Nikamwendea nahodha mmoja mzee wa mtaani, ambaye majira hayo ya kusi huwa yuko ufuoni pamoja na wenzake wakikalafati mashua zao, nikamwomba atupokee. Watoto walipofika walimwamkia, "Shikamoo babu," naye akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu," kisha akawaonyesha tezi na omo, ngama na mlingoti, foromali na usukani. Akawaeleza habari za mtepe, chombo cha mababu zetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari hata mmoja, tanga lake likiwa mkeka.

Tuliporudi mkwajuni tukaunda mitepe yetu. Hatukutumia gundi. Kila mtoto alikata mbao zake kutoka katika boksi kuukuu, akatoboa matundu pembezoni kwa msumari, kisha akazishona kwa uzi wa katani. Mikono midogo ilitaabika sana. Mbao zilipishana, uzi ulikatika, mmoja akalia. Lakini waliposhona mstari wa tatu walikwisha kufahamu, bila mimi kuhubiri, kwamba wahenga hawakukosea waliposema kuwa vyaelea vimeundwa.

Kazi ya pili ilikuwa dira. Chukua sindano ya kushonea na sumaku iliyotolewa katika spika ya redio mbovu. Isugue sindano kwa sumaku mara 40 au 50, daima kuelekea upande mmoja, usirudi nyuma. Ipachike juu ya kipande cha ndara iliyochakaa, ukielekeze katika bakuli la plastiki lenye maji. Itazunguka, kisha itatulia ikielekea kaskazini na kusini. Watoto walikipamba kingo cha bakuli kwa majina ya pepo wanazozijua: kusi upande wake, kaskazi upande wake. Mwalimu azishike sindano mwenyewe mpaka mwisho, na azihesabu kabla ya watoto kuondoka.

Kazi ya tatu ndiyo niipendayo kuliko zote. Nilimpa mtoto mmoja picha ya twiga, wenzake wakampa mgongo. Alitakiwa kuwaeleza mnyama huyo bila kutaja jina lake, nao wachore wanachokisikia, kana kwamba wako China na hawajapata kumwona. Yalitokea madude ya ajabu: ng'ombe mwenye shingo ya nyoka, chui mwenye pembe, farasi aliyepanda ngazi. Tulicheka hadi machozi. Kisha nikawaambia kwamba watu wa China nao, walipomwona twiga, walimfananisha na mnyama wa hadithi zao aitwaye qilin, anayeaminiwa kuleta heri. Mtoto mmoja akasema, "Kumbe hata wao walikosea, Mwalimu!" Naam, mwanangu, hata wao. Kila msafiri huona kwa macho aliyotoka nayo kwao. Mtoto anayelijua hilo akiwa na miaka saba atasoma vitabu vya safari kwa tahadhari akiwa na miaka kumi na saba.

Rangi hazikutugharimu kitu. Nyeusi ilitoka katika makaa, nyekundu katika udongo, manjano katika bizari. Wala si jambo geni katika pwani yetu. Ndani ya Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593, bado ipo michoro ya merikebu na watu iliyochorwa ukutani na Wareno kwa makaa na udongo mwekundu. Katika magofu ya Gede, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, iko nyumba inayoitwa Nyumba ya Jahazi kwa sababu ya chombo kilichochorwa ukutani mwake. Mwenyeji na mgeni, kila mmoja alichora chombo chake. Nini kitamzuia mtoto wetu asichore chake?

Nakiri kwamba si wote waliofurahi. Mzazi mmoja alinijia jioni, akavua viatu, akakaa. "Mwalimu," akaniambia, "nakuheshimu sana, lakini mwanangu hajui kusoma vizuri, na wewe unamfundisha kushona maboksi. Sanaa itamlisha?" Sikulidharau swali lake. Mzazi huyo, kama mimi, alilelewa katika mfumo wa 8-4-4 au kabla yake, mtihani ukiwa ndiye hakimu wa kila kitu. Tena tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa nchini mwaka 2019, wazazi wengi wamelalamika juu ya vifaa wanavyotakiwa kununua kila uchao. Nilimwonyesha shajara ya safari ya mwanawe. Kila siku mtoto huchora jambo moja aliloliona na kuandika chini yake sentensi moja. Siku ya kwanza aliandika maneno mawili. Siku ya tisa aliandika mistari minne, kwa kuwa alikuwa na la kusema. Mzazi aliisoma kimya. Sitadai kwamba nilimshinda, ila kesho yake mtoto alikuja, na mkononi alikuwa na boksi jipya.

Mwalimu mwenzangu naye alinishambulia kutoka upande wa pili. Aliniuliza kwa nini namtaja da Gama hata kidogo. Kwa nini nisiwaonyeshe watoto mashujaa wetu peke yao, nikamwacha Mreno na nguzo yake? Naelewa uchungu wake. Waliokuja baada ya da Gama waliuchoma mji wa Mombasa mwaka 1505, na yako mengine mengi ambayo mtoto atayajua atakapokomaa. Lakini ile nguzo iko pale juu ya mwamba, na mtoto wa Malindi huiona kila aendapo ufuoni. Nikiinyamazia, ataelezwa na mtu mwingine, pengine kwa namna nisiyoipenda. Kazi yangu si kuing'oa machoni pake. Kazi yangu ni kumfanya aulize: huyu bwana alipofika, nani alimpokea? Nani alimpa maji? Nani alimwonyesha njia?

Nami nilikuwa na deni kwa yule mtoto wa sanduku. Niliogopa kumwambia kwamba picha yake ilikuwa mbaya, maana kwa kweli haikuwa mbaya. Misafara iliyoingia bara katika karne ya kumi na tisa ilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Kwa hiyo nilimsimulia habari za Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, kisha akarudi akiwa mtu huru. Bombay aliongozana na Burton na Speke kuanzia mwaka 1857, na Speke tena pamoja na Grant, akawa na Stanley mwaka 1871, na hatimaye akavuka bara zima na Cameron hadi pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunukia medali. Nani kati ya wale mabwana alitembea mara nyingi kama yeye?

Nikamsimulia pia juu ya Chuma na Susi. David Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo, wao na wenzao wangeweza kumzika na kwenda zao. Badala yake waliukausha mwili wake, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 kwa muda wa miezi tisa hivi, pamoja na daftari zake, hadi Bagamoyo. Mwenzao Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, alichonga maneno ya ukumbusho juu ya mti. Laiti si wao, mengi ya yale yanayoitwa uvumbuzi wa Livingstone katika miaka yake ya mwisho yangeoza msituni. Kubeba sanduku si aibu. Aibu ni kubeba sanduku usijulikane jina.

Kutokana na hayo, ninawapendekezea walimu wenzangu mambo machache. Anza na mtaa kabla ya dunia. Mtoto ahesabu hatua kutoka kwao hadi kisimani, aichore njia hiyo juu ya karatasi ya kaki, aipake majani ya chai yaliyokolea ili ifanane na ramani ya kale, ndipo umwonyeshe ramani ya Afrika. Mlete mzee mwenye ujuzi, awe nahodha, mkulima au mama msusi wa mikeka, naye aheshimiwe kama mwalimu. Usimpe mtoto picha iliyokwisha kuchorwa na mtu mwingine, maana hiyo humfunza kutii mstari tu. Na katika kila picha ya msafiri, msisitizie mtoto achore pia wenyeji waliokuwapo. Walimu wa Kitui, wa Kisumu na wa Turkana wana wasafiri wao na wenyeji wao, nao wana wazee wanaozijua njia. Si lazima wangoje bahari.

Siku ya mwisho ya likizo niliwarudishia karatasi tupu, nikakariri agizo lile lile la awali. Safari hii pwani zilijaa watu. Ila mtoto wa mvuvi hakuchora mtu hata mmoja. Alichora mwamba wa bahari kama uonekanavyo wakati wa maji kupwa, na mlango ambao baba yake hupitia alfajiri, na dira yake pembeni. Nahodha mzee alikuwapo. Aliitwaa karatasi, akaitazama kwa kitambo.

"Mjukuu wangu," akasema, "jiwe hili umeliweka pabaya. Ukipita hapa utavunja chombo."

Mtoto hakununa. Aliuliza lilipo, akafuta, akalichora upya mahali pake, kisha akamrudishia mzee alikague. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Walitazamana kama watu wawili wa kazi moja, nami nikakaa kimya. Nilikuwa nimewaita watoto hawa wavumbuzi tangu siku ya kwanza, nilipowavika kofia. Huyu alikuwa hana kofia, lakini ramani yake ingeweza kumfikisha mtu nyumbani salama.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tuwapeleke watoto wetu Lisbon, China na Calicut kwa hadithi na kwa rangi, hakuna ubaya. Lakini tuhakikishe kwamba wakirejea watakuta pwani yao ina watu, na kwamba wao wenyewe ni miongoni mwao.